Siku Niliyoinywesha Kompyuta

Kompyuta ya Mjomba Shabani niliimwagia maji mimi. Sikujikwaa, sikusukumwa, wala hakupita paka. Nilichota kata nzima kutoka mtungini, nikasema bismillah kwa sauti ili kila mtu asikie, nikamimina taratibu pale katikati penye joto. Moshi ulipofuka nikawageukia wenzangu nikawaambia, "Mnaona? Imekunywa." Halafu nikajipigia makofi.

Naanza na hilo kwa sababu hapa Kilwa Masoko watu wa umri wangu wote wanalijua, na nikilibakiza mpaka mwisho mtasema Somoe anajipamba. Bora nijivue mwenyewe kuliko kuvuliwa, nimeshazoea.

Aliyenikumbusha ni mtoto wa kaka yangu. Yuko Dar, ni hawa vijana wanaocheza magemu mchana kutwa halafu wanasema wako kazini. Juzi kanipigia simu, shikamoo nyingi nyingi, nikajua kuna kitu. Kumbe kompyuta yake kaiongezea mwendo kuliko ilivyotoka kiwandani, sasa ile prosesa, ubongo wake, inachemka, na hajui anunue kipoozeo cha feni au cha maji. Kanitumia picha zote mbili. Ya feni ilikuwa kubwa kama jiko la mkaa. Ya maji ilikuwa na mipira inawaka taa kama harusi ya Kihindi.

"Shangazi, nimeambiwa mtaalamu wa maji ni wewe."

Nyuma yake nikamsikia kaka yangu anajikohoza kwa kicheko. Na mimi nikacheka, ndiyo kazi yangu hiyo, mtu akinirushia jiwe mimi ndo wa kwanza kulishangilia. Nikamwambia chukua ya feni mwanangu, ya maji inataka wazazi wavumilivu. Tukacheka tena, tukaagana. Halafu nikaenda kunywa maji. Mimi nauza barafu, friza ninalo, lakini maji ya kunywa mwenyewe bado naweka mtungini. Nilipofunua kile kifuniko, ile harufu ya udongo uliolowa ikanipiga puani, na nikajikuta nimesimama na kata mkononi, sinywi, sichoti.

Sie tuliokua wakati ule tunakumbuka vitu vilivyoanza kuingia. Zamani kitu kilikuwa kinasubiriwa, ghafla vitu vikawa vinatusubiri sisi. Mitumba, redio za kaseti mbili, baiskeli za rangi rangi, kila mwenye ndugu Dar anashusha mzigo kwenye basi. Baba yangu yeye alishushiwa mashine ya kusaga. Aliuza mashamba mawili ya minazi, akaungana na rafiki yake, wakaleta injini ya dizeli, wakaifunga kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yetu. Kuanzia hapo maisha yangu yakawa na sauti moja, tuku-tuku-tuku-tuku, na rangi moja, nyeupe. Wanawake walikuja na makopa ya muhogo, wakaja na mahindi, wakaondoka na unga, na mimi nikabaki na unga kwenye nyusi kama bibi kizee.

Kazi yangu ilikuwa maji. Ile injini ilikuwa na mdomo juu, wazi kabisa, kama sufuria. Unachota maji kwenye pipa, unayamimina mle juu, yanazunguka tumboni mwake kwenye chuma cha moto, yanachemka, mvuke unatoka. Yakipungua unaongeza. Hakuna mfuniko, hakuna siri. Nilijua kiu yake kwa sikio tu. Ikishiba inasema tuku-tuku, ikikaukiwa sauti inakuwa nyembamba, inalia kwa juu kama mtoto mwenye homa. Hapo baba alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye unga, "Somoe! Inaomba!" Nami nakimbia na ndoo, namimina, mvuke unafuka usoni, na ile sauti inarudi chini, inatulia. Hakuna kitu kilikuwa kinanipa raha kama kile. Mnyama mkubwa namna ile ananyamaza kwa mkono wangu.

Na siku foleni ikiwa ndefu, baba alikuwa anakaza springi fulani ubavuni mwa ile injini, anaita gavana. Akiikaza, injini inakwenda mbio kuliko ilivyopangiwa, unga unatoka upesi, akina mama wanawahi kupika. Lakini joto nalo linapanda. Siku hizo nilikuwa nalisimamia lile pipa kama askari.

Kazi yangu ya pili, ambayo hakuna aliyenipa, ilikuwa kuigiza watu. Nilimuigiza imamu anavyotafuta miwani. Nilimuigiza mwalimu wetu anavyopiga chafya. Niliiigiza na injini, mpaka wanawake wakawa wanasimamisha ndoo zao wakidhani mashine imewaka. Ila niliyekuwa nampatia kuliko wote ni mama yake Zuhura.

Zuhura alikuwa rafiki yangu, nyumba yao na yetu ukuta kwa ukuta. Mama yake alikuwa mwembamba, mtu wa kimya, lakini kicheko chake kilikuwa na utaratibu wake. Kwanza alivuta pumzi, ndefu, kama mtu anayetaka kuzamia pweza. Anaachama, mabega yamepanda, macho yametoka, na wote mlio karibu mnanyamaza mnasubiri. Halafu ndo kinakuja, heee-he-he-heeee, na kofi kwenye paja la aliye jirani, "Mwenzenu mie!" Nilikuwa namfanya hivyohivyo mbele yake mwenyewe, naye anavuta pumzi, anaanza kunicheka mimi ninayemcheka yeye, mpaka mama yangu anakuja kunivuta sikio. "Mtu mzima huyo, huna adabu?" Naye mama Zuhura anasema, "Muache, mama Somoe. Muache anitunzie kicheko."

Sasa Mjomba Shabani, mdogo wake mama, akarudi kutoka Dar na kompyuta. Ilikuwa mtumba, imepitia Dubai, rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Akapewa chumba chetu cha mbele. Kazi yake ilikuwa mikanda ya harusi. Anaazima kamera kwa mtu wake Lindi, anarekodi harusi, anaingiza picha kwenye kompyuta, anaweka maua yanaanguka, majina ya maharusi yanaruka ruka, halafu anatoa kaseti mnaangalia kwenye deki. Watu walikuwa wanaona ni uchawi. Kamera yenyewe ilikuwa na vikanda vyake viwili tu. Kwa hiyo picha zikishaingia kwenye kompyuta, kikanda kinarudi Lindi na kamera, na Jumamosi inayofuata kinarekodia harusi nyingine juu yake.

Harusi ya kwanza aliyoirekodi Masoko ilikuwa ya Asha, dada yake Zuhura. Na kwenye harusi ile, kamera ilipofika kwa wanawake, mimi nikaruka mbele nikawafanyia mashine ya kusaga, kuanzia inavyokataa kuwaka mpaka inavyoomba maji. Mama Zuhura alikuwa nyuma yangu, kajitanda khanga mpya. Akavuta pumzi. Kamera ikamchukua.

Mvua hazijaisha, mama Zuhura akaumwa. Wakampeleka hospitali, wakamrudisha, wakampeleka tena, na mara ya mwisho wakarudi na jeneza. Sitaki kusema mengi hapo. Nakumbuka tu Zuhura kakaa mkekani kavaa khanga ya mama yake, inamzidi, kaishika kwenye magoti.

Picha ya yule mama haikuwepo. Ilikuwepo moja ndogo ya kitambulisho, kakunja uso kama anadaiwa. Baada ya matanga, Mzee Athumani, baba yake Zuhura, akaja kwetu barazani. Akakaa, akazungumza habari za mvua, habari za bei ya ufuta, halafu akamwambia Mjomba bila kumwangalia, "Shabani, ule mkanda wa Asha. Nasikia marehemu yumo anacheka."

"Yumo, mzee wangu. Bado naushughulikia."

"Asha anamfuata mumewe Tandahimba baada ya arobaini. Nilitaka achukue nakala. Na sie tubaki nayo moja."

Alipoondoka Mjomba akashika kichwa. Ile kompyuta ilikuwa mzee. Mkanda mmoja iliutafuna siku kadhaa, na umeme wa Masoko wakati ule ulikuwa unakuja kama mgeni, hakai. Kazi inafika katikati umeme unakatika, anaanza upya. Arobaini ingefika bado maua yanaanguka kwenye dakika ya tano. Ndipo akafanya alilofanya. Kule ndani, kwenye ubao wake, kulikuwa na vipini vidogo vidogo vya plastiki. Akakihamisha kimoja, prosesa ikaanza kwenda mbio kuliko kiwanda kilivyoipangia.

Baba alielewa hapohapo. "Umekaza gavana!"

"Ndiyo shemeji, nimekaza gavana."

"Basi itachemka."

Na ikachemka kweli. Ikawa inakwenda vizuri, mara picha inaganda, mara inazima yenyewe. Mjomba akaivua kifuniko, akailaza ubavu mezani, vitu vyote vya tumboni vikabaki nje. Katikati kulikuwa na kichuma chenye mapezi mapezi kama ya injini ya pikipiki, kimekaa juu ya prosesa. Akaweka feni ya mezani inaipulizia kwa karibu. Ikatulia kidogo. Lakini joto la Masoko mnalijua, feni inapuliza mvuke wa chai.

Hapo ndipo baraza letu likagawanyika. Kulikuwa na Fundi Damiani, Mmakonde wa Newala, mtengeneza redio, kibanda chake kando ya banda la mashine. Yeye alikuwa chama cha feni.

"Upepo, Shabani. Tafuta feni kubwa, fungua dirisha, basi. Upepo ukimwagika hauloweshi."

Baba yeye alikuwa chama cha maji. "Injini ya upepo ni ya pikipiki. Mashine ya kazi inakunywa. Umeona wapi mashine ya kusaga inapulizwa na feni?"

"Hii siyo mashine ya kusaga, mzee."

"Inasaga picha. Makopa yanaingia huku, unga unatoka huku. Nini tofauti?"

"Tofauti ni umeme! Nyie Wamatumbi mnapenda kuloweka kila kitu."

"Na nyie Wamakonde mnachonga kila kitu. Ichonge basi ipoe!"

Wanacheka, wanagongeana mikono, kesho wanaanza tena. Mjomba alikuwa katikati yao. Alikuwa kasoma kwenye gazeti moja la Dar kwamba Ulaya wapo wanaopoza prosesa kwa maji. Akaanza kukusanya vitu. Kabomba ka shaba kutoka kwenye friji iliyokufa ya mchuuzi wa samaki. Mpira mwembamba wa dripu aliopewa na ndugu yetu wa hospitali. Mimi nilikuwa chama cha maji, hilo halina hata swali. Mtoto wa mashine. Nilikuwa nawatambia wenzangu kisimani, "Kompyuta ya mjomba wangu itakunywa maji, na mnyweshaji ni mimi." Mjomba alikuwa ananionesha ule mpira, ananiambia maji yatapita humu, yatazunguka, yatarudi. Mimi kichwani niliona mdomo wa injini. Mpira ni wa kumiminia, kama mrija wa mafuta. Kwamba maji yanakaa ndani ya mpira siku zote na hayaigusi kompyuta hata tone, hilo halikuniingia. Maji yasiyogusa yanapozaje? Na sikuuliza, kwa sababu mtaalamu haulizi.

Asubuhi moja Mjomba akasema kuna basi bovu Nangurukuru, lina kile kipampu cha kurushia maji kwenye kioo, kinamfaa. "Maji yameshinda," akamwambia baba, na mimi nikaruka juu kama nimeolewa mimi. Kompyuta ilikuwa imeshasaga usiku kucha, imebakiza kidogo mwishoni. Akaniita.

"Somoe, kaa hapa mlangoni. Asiingie mtu. Feni isisimame. Ikianza kulia pii pii, chomoa waya ukutani. Chomoa tu, usiguse kingine. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Basi la asubuhi halijafika hata Nangurukuru, mimi nimeshakwenda kwa akina Zuhura.

Naomba nilitamke vizuri hili, maana ndilo linalonichoma kuliko hata maji. Nilimwambia Zuhura, "Njoo umuone mama yako." Lakini aliyekuwa moyoni mwangu siyo mama yake. Nilikuwa nataka kujiona mimi. Nilikuwa sijawahi kujiona kwenye runinga, na nilijua kipande kile cha mashine nilikifanya vizuri. Nilitaka watu wanione. Mama wa watu, tena marehemu, nilimfanya tiketi. Na nikawaita na watoto wengine wa mtaani, maana kujiona peke yako siyo kujiona.

Zuhura akaja na ile khanga. Alinawa uso kwanza, nakumbuka ulikuwa bado una maji kwenye nyusi. Tukajazana mle chumbani, mlango tukafunga kwa sababu ya aibu ya kuiba, na joto likapanda mara moja. Nikawaambia karibuni, kaeni, kama mwenye nyumba. Na kwa kuwa wageni walikuwa wanatokwa jasho, nikafanya adabu aliyotufundisha mama: nikaichukua feni nikawageuzia wageni.

Nilikuwa nimeshamuona Mjomba anavyobonyeza. Nikabonyeza. Ikagoma, ikafikiri, halafu kweli, ikatokea harusi. Maua yanaanguka. Watoto wakaguna. Nikatokea mimi, mguu mmoja huku mwingine kule, natikisika, tuku-tuku. Wakacheka wote, na mimi nikasikia utamu mpaka kwenye kisigino. Nikamsahau Zuhura kabisa. Halafu Zuhura akasema, taratibu tu, "Yule."

Nyuma yangu pale kwenye picha, khanga mpya, mama yake akaniangalia. Akavuta pumzi. Mabega yakapanda, akaachama, macho yakatoka.

Picha ikaganda.

Tukasubiri kama tulivyozoea kusubiri. Hakikutoka. Kaachama vilevile, kimya, na kompyuta ikaanza, pii, pii, pii.

Nilikumbuka waya. Msifikiri nilisahau. Nilishika mpaka kwenye plagi ukutani. Zuhura akanikamata mkono kwa mikono yote miwili.

"Usizime."

"Mjomba kasema nizime."

"Usimzime, Somoe. Usimzime. Apate kucheka kwanza."

Pii, pii, pii. Ile sauti nyembamba, ya juu, ya mtoto mwenye homa. Nikaiangalia ile kompyuta iliyoachia tumbo wazi, kile chuma cha mapezi katikati, na kila kitu kikawa wazi kichwani mwangu. Sina haja ya kuzima. Sijawahi kuizima mashine ya baba kwa sababu ya kiu. Inaomba.

Mtungi ulikuwa ukumbini. Kata nzima. Wenzangu wakanipisha njia. Bismillah. Nilimimina vizuri kama ninavyomimina siku zote, kwenye joto lenyewe. Ikalia tsss. Ukafuka mvuke, au moshi, mimi nikaona mvuke. Na ile pii pii ikanyamaza. Nikajua imeshiba. "Mnaona? Imekunywa." Makofi.

Kisha ikalia paa, kama njugu kwenye moto. Umeme wa chumba kizima ukakatika, feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Kioo kikawa cheusi na sisi wote ndani yake, tumesimama tunajitazama. Harufu ikaja, ya plastiki iliyoungua na udongo uliolowa pamoja. Mikono yangu ilikuwa bado imeshikana kwa yale makofi. Zuhura hakulia. Alikifuta kile kioo kwa pindo la khanga, kama mtu anayefuta vumbi, akafuta, akafuta.

Mjomba alirudi mchana na kipampu chake kwenye mfuko wa nailoni. Hakunipiga. Alitoa vile vidude kimoja kimoja, akavipanga juu ya ungo, akavianika juani uani kama makopa. Kuku wakawa wanakuja kuangalia, anawafukuza. Fundi Damiani akaja, hakusema habari ya upepo hata mara moja. Baba naye hakusema habari ya maji. Walichuchumaa wote watatu kuuzunguka ule ungo. Nilitamani wabishane. Wakati wote ule nilijificha nyuma ya pipa nikiomba Mungu wabishane.

Maji ya visima vyetu yana chumvi. Damiani alisugua, akachomelea, akanusa, akatikisa kichwa. Ile disiki yenye picha ikapelekwa Dar kwa mkono wa kondakta, ikarudi kwa mkono wa kondakta, haijafunguka. Kikanda cha Lindi kilishakuwa harusi ya watu wengine.

Kwa Mzee Athumani nilipelekwa na baba, kanishika bega. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba mwanangu. Baba akaeleza, yeye akasikiliza, akasema Mungu alivyopanga hakuna wa kupangua. Halafu akaniuliza, "Umeshakula wewe?" Wakaniletea wali. Jamani. Ningechapwa fimbo za mpera ningekuwa nimeshasahau. Nilikula wali ule kwa machozi na kamasi, nikaumaliza, kwa sababu kubakiza ingekuwa kosa la pili.

Mtaani nikaitwa Kata. "Kata, nipoze!" "Kata, redio yetu ina kiu!" Nikajifunza kuwawahi. Mtu akinikaribia nasimulia mwenyewe, naongeza chumvi, namuigiza Mjomba anavyofukuza kuku, wanacheka, wanaondoka. Mpaka leo ndivyo ninavyoishi. Darasani siku ya somo la umeme mwalimu aliuliza nani anajua hatari ya maji, darasa zima likanigeukia kama limeamrishwa, nikasimama nikainama kama msanii. Watu husema shule niliacha kwa sababu ya siku ile. Uongo, shule niliacha kwa sababu ya hesabu. Ila siku ile ilisaidia.

Kitu kimoja tu sikukifanya tena. Mama Zuhura sikumuigiza. Wakiniomba nasema nimesahau. Na Zuhura mwenyewe nilimkimbia. Nikimuona kisimani narudi na ndoo tupu. Asha akaenda zake Tandahimba mikono mitupu, na mimi nilichungulia basi lake kwenye tundu la bati.

Halafu siku moja, jua kali, Zuhura akaja kusaga makopa. Alikuwa ndiye anayepika kwao sasa. Foleni ilikuwa ndefu, baba kakaza gavana, na mimi sikuwa na pa kukimbilia, maji ndo kazi yangu. Akaja mpaka kwenye pipa, akakaa juu ya ndoo yake, mguu kwa mguu na mimi. Unga unatuangukia wote wawili. Kwa zile kelele ilibidi anipigie ukelele sikioni.

"Mfanye mama!"

Nikatikisa kichwa.

"Mfanye!"

"Nimesahau!"

"Muongo! Mfanye!"

Nikaweka ndoo chini. Nikajitanda khanga kama yeye, nikapandisha mabega, nikaanza kuvuta pumzi, ile ndefu. Zuhura akanipiga kofi la paja.

"Siyo huko! Pumzi alishavuta, tulimuona. We endelea pale ulipommwagia maji."